Vijiji Hivi Vina Wenyewe: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwenye Ziara ya The Godfather, Sicily

Mwaka 1971 mwongozaji filamu Francis Ford Coppola alikwenda Sicily, kisiwa cha kusini mwa Italia, kupiga picha za The Godfather. Katika hadithi ya Mario Puzo, kijana Michael Corleone anakimbia New York baada ya kuua, anajificha Sicily kwenye chimbuko la ukoo wake, na huko anampenda binti wa kijijini, Apollonia, na kumwoa. Coppola alihitaji mji wa zamani wa kusimama mahali pa Corleone, mji wa chimbuko hilo. Corleone halisi, iliyo kusini mwa Palermo, ilikuwa imeshabadilika mno kwa hadithi ya miaka ya 1940. Akahamia mashariki mwa kisiwa, mkoani Messina, akachagua vijiji viwili vilivyo juu ya vilima vinavyotazama bahari ya Ionia: Savoca na Forza d'Agrò.

Filamu ilitoka mwaka 1972 ikapata Oscar ya filamu bora. Sehemu ya pili, ya mwaka 1974, ikapata tuzo hiyohiyo. Ya tatu ikafuata mwaka 1990. Tangu wakati huo wageni hawajaacha kupanda vilima vile. Wengi hutokea Taormina, mji wa kitalii wa pwani hiyohiyo, na wenye uwezo hukodi ziara ya binafsi: gari moja, dereva, kiongozi wa watalii, na wao wenyewe tu.

Ziara ya namna hii inampa mgeni mamlaka. Kwenye basi la watu hamsini, kampuni ndiyo inayopanga saa, njia na mwenendo. Kwenye gari ulilokodi, wewe ndiye unayesema tusimame hapa, tuingie pale, tuondoke sasa. Kwa hiyo na lawama ni yako. Savoca ina wakazi wasiofika elfu mbili, na utovu wa adabu wa familia moja unajulikana kijiji kizima kabla ya chakula cha mchana. Msomaji wa Mji Mkongwe au wa Lamu anaijua hali hii kwa upande wa mwenyeji: anajua uchungu wa mgeni kusimama mlangoni pako, akakupiga picha, akaenda zake bila hata salamu. Asiende kuwatendea wenzake vivyo hivyo.

KABLA YA KUONDOKA

1. Tazama filamu kwanza.

Sehemu zote tatu zinachukua karibu saa tisa. Zitazame nyumbani, kwa utulivu, wala usimtegemee kiongozi akuhadithie njiani. Mtu asiyeijua hadithi atafika Savoca aone baa ndogo na kanisa la mawe, aulize tumekuja kufanya nini. Shika maeneo manne: Bar Vitelli ya Savoca, ambako Michael anamkabili baba wa Apollonia na kuomba ruhusa ya kumchumbia binti yake, kanisa la San Nicolò la Savoca, linaloitwa pia Santa Lucia, ambako harusi yao ilipigwa picha, kanisa kuu la Forza d'Agrò, ambalo kijiji chake kinaonekana katika sehemu zote tatu, na Castello degli Schiavi kule Fiumefreddo, nyumba ya Don Tommasino, mwenyeji wa Michael huko Sicily, ambako Apollonia anauawa kwa bomu lililotegwa ndani ya gari. Ukiyajua hayo, hutauliza Marlon Brando, aliyeigiza baba wa Michael, alikaa kiti gani. Brando hana onyesho hata moja la Sicily.

2. Shughulikia viza mapema.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini huweza kuchelewa. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari inatakiwa kufikia yuro 30,000. Usilipe arubuni ya ziara isiyorudishwa kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti. Anayekuhimiza ulipe leo kwa sababu nafasi zinakwisha anajali mfuko wake kuliko safari yako.

3. Hakikisha kiongozi wako ana kibali.

Italia inaitambua kazi ya kuongoza watalii kuwa taaluma. Sheria namba 190 ya Desemba 2023 imeweka mtihani wa kitaifa na orodha ya kitaifa ya wenye kibali. Kiongozi halali ana kitambulisho; omba kukiona, na umwombe kwa adabu. Hataudhika, kwa sababu alikitolea jasho.

Usichanganye kiongozi na dereva. Dereva wa gari la kukodi ana leseni yake ya kuendesha abiria, na wengi wao ni wasimulizi hodari, lakini kazi yake inaishia kwenye gari. Ukitaka mtu atakayeingia nawe kanisani akueleze historia, mlipe kiongozi. Kampuni nyingine huweza kutangaza ziara yenye kiongozi halafu zikaleta dereva peke yake. Uliza waziwazi, kwa maandishi: siku hiyo tutakuwa na watu wangapi, na nani ana kibali gani? Na yule anayekuvamia kituo cha treni akidai ana gari na anaijua kila kona ya filamu, ambaye Zanzibar tungemwita papasi, mshukuru na uendelee na safari yako.

4. Usikubali bei ya mdomo.

Bei ya ziara ya binafsi hutajwa ama kwa gari ama kwa kichwa, na tofauti hiyo ni kubwa kwa familia ya watu sita. Pata jibu la maandishi kwa kila swali: bei inahusu saa ngapi? Inaanza kuhesabiwa mkiwa hotelini au gari likitoka gereji? Ada ya barabara ya kulipia kati ya Catania na Messina imo? Maegesho yamo? Viingilio vimo? Chakula ni juu ya nani? Mkichelewa nusu saa, mtatozwa nini? Mvua ikinyesha, pesa inarudi? Haya si maswali ya ubahili. Ugomvi mwingi wa safari huanzia kwenye jambo ambalo kila upande ulidhani mwenzake amelielewa.

5. Usipange ziara siku ya kuwasili wala siku ya kuondoka.

Wageni wengi hushukia uwanja wa ndege wa Catania, chini ya mlima Etna. Etna ni volkano hai yenye urefu wa zaidi ya mita 3,300, na inapotapika majivu uwanja huweza kufungwa au ndege zikapelekwa kwingine. Jipe angalau usiku mmoja wa kupumua kabla ya ziara na mwingine baada yake. Ukiipanga asubuhi ile unayotua, ndege ikichelewa umepoteza vyote viwili, pesa na siku.

6. Chagua msimu na saa.

Aprili, Mei, mwishoni mwa Septemba na Oktoba ni miezi mizuri. Julai na Agosti jua la Sicily halina huruma, na katikati ya Agosti Italia nzima iko likizoni. Ondoka Taormina asubuhi na mapema. Meli za kitalii zinazotia nanga Messina huleta watu kwa mabasi, na wakishafika, uwanja mdogo mbele ya Bar Vitelli hauna pa kukanyaga. Kodi ziara ya binafsi ili uwatangulie, usiilipie kwa bei yake kisha ukaenda kusimama nao foleni.

UKIWA KIJIJINI

7. Toa salamu kabla ya neno lingine lolote.

Sema *buongiorno* mchana na *buonasera* ikianza jioni, kwa muuza duka, kwa mzee aliyeketi kwenye ngazi, kwa mama anayeanika nguo. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo na hodi hatuna udhuru wa kulisahau hili ugenini. Usimwachie kiongozi akusalimie kwa niaba yako kwa sababu umemlipa. Salamu hainunuliwi.

8. Jisitiri ukiingia kanisani, na usiingie wakati wa ibada.

San Nicolò ya Savoca na kanisa kuu la Forza d'Agrò ni nyumba za ibada kwanza, mambo ya filamu baadaye. Mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kofia ivuliwe, simu izimwe sauti. Misa ikiendelea, subiri nje. Makanisa mengi hufungwa saa za mchana watu wanapopumzika, kwa hiyo mwambie kiongozi apange kuyafikia asubuhi. Na usisimame kwenye mlango wa San Nicolò ukaigiza harusi ya Michael na Apollonia huku waumini wanatoka. Wapo waliobatizwa pale na waliozika wazazi wao kutokea pale. Mwislamu hatavumilia mchezo wa namna hiyo msikitini kwake, wala Mkristo kanisani kwake.

9. Kaa, agiza na ulipe Bar Vitelli kabla ya kupiga picha.

Baa hii imo ndani ya Palazzo Trimarchi, jengo la karne ya 18, na bado ni baa inayofanya kazi. Chini ya majani ya kibarazani ndipo Al Pacino, aliyeigiza Michael, alipoketi na walinzi wake wawili, na ndani kuna picha na vitu vya kumbukumbu za siku zile za upigaji. Tabia mbaya kuliko zote hapa ni kuingia, kupiga picha ishirini, kuvuta kiti kwa ajili ya pozi, kisha kuondoka bila kununua hata maji. Agiza granita ya limau, ambayo ndiyo watu wengi huifuata pale, au kahawa. Ile meza maarufu ikiwa na watu, usiwasimamie vichwani ukisubiri wanyanyuke. Filamu ina zaidi ya miaka hamsini. Inaweza kukusubiri dakika kumi.

Uwanjani hapo kuna sanamu ya chuma inayomwonyesha Coppola akiwa na kamera. Piga picha yake upendavyo. Sanamu haina faragha.

10. Usiwapige watu picha bila ruhusa, na usirushe droni.

Mzee aliyevaa nguo nyeusi mbele ya mlango wake hakuletwa na kampuni ya filamu. Mwombe. Akikataa, shusha simu na umshukuru. Watoto usiwapige kabisa bila kauli ya mzazi.

Ama droni, katika nchi za Umoja wa Ulaya anayerusha droni yenye kamera anatakiwa asajiliwe hata kama chombo ni kidogo, na kurusha juu ya mkusanyiko wa watu ni marufuku. Uwanja wa kijiji uliojaa wageni na wakazi unaweza kuhesabiwa kuwa mkusanyiko. Usimwombe kiongozi afumbe macho, maana kibali chake ndicho kitakachokuwa hatarini.

11. Usiingie mali ya mtu.

Castello degli Schiavi ni nyumba ya watu binafsi. Wenyewe huweza kuruhusu wageni kwa mpango maalumu, na kiongozi mwenye kazi yake huwasiliana nao mapema. Kama hakufanya mpango, tazama kutoka nje na uridhike. Usipande ukuta, usisukume lango, usimpe mlinzi pesa ili akufungulie. Onyesho la kifo cha Apollonia halikupi haki ya kukanyaga ua wa mtu.

Na kama kiongozi alikuahidi kuingia, kisha mnafika anasema leo haiwezekani, una haki ya kuuliza ni lini alipiga simu. Ndiyo sababu ahadi hiyo inapaswa kuwemo kwenye maandishi ya kipengele cha nne.

12. Usimlazimishe dereva aingie vichochoroni.

Miji mingi ya kale ya Italia ina maeneo yaliyofungwa kwa magari, yanayolindwa kwa kamera, na faini humfuata mwenye gari miezi kadhaa baadaye. Njia ya kupanda Forza d'Agrò, kijiji kilicho zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, ina kona kali, na ndani ya kijiji chenyewe njia ni nyembamba. Shuka, tembea, vaa viatu vinavyoshika jiwe. Kama mmoja wenu ni mzee au ana maumivu ya magoti, mjulishe kiongozi siku ya kuagiza ziara ili apange pa kumshushia. Usingoje kumwambia mkiwa mnatazama ngazi.

13. Uliza kuhusu yasiyo ya filamu.

Mgeni anayeondoka Savoca akiwa ameona baa tu ameibiwa, na aliyemwibia ni yeye mwenyewe. Kijiji kimo katika orodha ya vijiji vizuri kuliko vyote vya Italia. Kuna mabaki ya ngome juu ya kilima, kuna makanisa ya kale, na kuna konventi ya Wakapuchini ambayo chini yake walihifadhiwa maiti waliokaushwa wa wakubwa wa mji wa karne zilizopita. Uliza kwanza kama panafunguliwa, na ukiruhusiwa kushuka, nyamaza. Miaka ya 1980 wahuni waliwamwagia maiti wale rangi ya kijani. Wenyeji hawajasahau, na hawapaswi kusahau.

KUHUSU MAFIA

Sehemu hii ndiyo nzito kuliko zote. Atakayeyapuuza mengine yote na akashika haya, bado amefanya jambo.

14. Usifanye utani wa mafia. Kamwe.

Usimwite mwenye duka "Don". Usiige sauti ya Brando mbele ya mhudumu. Usimwulize dereva kama ana ndugu "kwenye ile kazi". Usipige picha ukijifanya unamlenga mwenzako kwa bastola. Yanayoonekana kuwa mchezo kwa mgeni ni misiba kwa mwenyeji.

Tarehe 23 Mei 1992, hakimu Giovanni Falcone alilipuliwa kwa bomu kwenye barabara kuu huko Capaci, karibu na Palermo, pamoja na mkewe Francesca Morvillo na askari watatu wa ulinzi. Tarehe 19 Julai mwaka huohuo, rafiki yake na hakimu mwenzake Paolo Borsellino aliuawa kwa bomu mjini Palermo, yeye na askari watano. Kosa lao lilikuwa kuwafikisha wahalifu wa mafia mahakamani: kesi kubwa waliyoiandaa ilianza Palermo mwaka 1986, na hukumu ya Desemba 1987 iliwatia hatiani mamia ya watu. Mtu mzima yeyote unayekutana naye Sicily mwenye umri wa miaka arobaini na zaidi anakumbuka siku hizo mbili. Halafu wewe unamjia na utani.

Na waliouawa hawakuwa mahakimu na askari peke yao. Ni wafanyabiashara waliokataa kutoa pesa ya ulinzi inayodaiwa na mafia, waandishi wa habari, mapadri, viongozi wa wakulima. Filamu ya Coppola ni kazi kubwa ya sanaa, na sanaa ina ruhusa ya kumpa muuaji sura ya huzuni na muziki mtamu wa Nino Rota. Mtazamaji ana wajibu wa kukumbuka kwamba huko nje ya fremu kulikuwa na wajane.

15. Usinunue bidhaa zinazomsifu mhalifu.

Utaziona: fulana, sumaku za friji, vikombe, vinyago vya mtu mwenye kofia na bunduki. Mwaka 2024 mji wa Agrigento, ulioko kusini mwa kisiwa hichohicho, ulipiga marufuku uuzaji wa vitu vya namna hiyo. Mji wa Sicily wenyewe ukiamua kwamba biashara hii ni tusi, wewe mgeni una sababu gani ya kuiendeleza? Bango la filamu ni sawa. Picha ya Pacino kibarazani ni sawa. Kinyago kinachomgeuza muuaji kuwa shujaa wa rafu ya sebuleni kiache dukani.

16. Ongeza siku moja uende Corleone yenyewe.

Ni upande wa pili wa kisiwa, kwa hiyo panga kulala Palermo. Usiende kutafuta maeneo ya filamu, maana hayapo. Nenda CIDMA, kituo cha kumbukumbu za mafia na za harakati za kuipinga, kilichofunguliwa mwaka 2000. Humo mna nyaraka za ile kesi kubwa na picha za Letizia Battaglia, mpigapicha aliyeonyesha damu ya mitaa ya Palermo bila pambo.

Corleone ilimzaa Salvatore Riina, aliyeamuru mauaji ya Falcone na Borsellino na kukamatwa mwaka 1993, na Bernardo Provenzano, aliyekamatwa mwaka 2006 karibu na mjini kwao baada ya miongo ya kujificha. Hao dunia inawajua. Wachache wanajua kwamba mji huohuo ulimtoa Bernardino Verro, meya msoshalisti aliyewatetea wakulima na kuuawa mwaka 1915. Ulimtoa pia Placido Rizzotto, kiongozi wa chama cha wafanyakazi aliyetekwa na kuuawa Machi 1948 kwa kuwasaidia wakulima wapate ardhi. Mabaki yake yalitambuliwa mwaka 2012, na ndipo akazikwa kwa heshima za taifa, miaka 64 baada ya kifo chake. Mwulize kiongozi wako habari za Rizzotto. Akikwambia hamjui, umejua ubora wa kiongozi uliyemkodi.

Ukipata nafasi, endelea hadi Palazzo Adriano, mji mwingine wa mkoa wa Palermo, ambao uwanja wake ulitumika katika Cinema Paradiso ya Giuseppe Tornatore, ya mwaka 1988. Jengo la sinema unalolikumbuka halipo: lilijengwa kwa ajili ya filamu. Uwanja upo.

17. Nunua kwa waliokataa.

Sheria ya Italia ya mwaka 1996 inaruhusu mali zilizotaifishwa kutoka kwa mafia zitumike kwa faida ya jamii. Vyama vya ushirika vya Libera Terra, kimojawapo kikiwa na jina la Placido Rizzotto, hulima mashamba yaliyokuwa ya wahalifu na kuuza tambi, mafuta ya zeituni na mazao mengine. Palermo kuna Addiopizzo, harakati iliyoanzishwa na vijana mwaka 2004, inayowaunganisha wafanyabiashara waliokataa kulipa pesa ya ulinzi. Kibandiko chake huonekana kwenye milango ya maduka. Mwambie kiongozi akupeleke huko. Kwa kuwa ziara ni yako, una uwezo wa kuamua pesa yako iangukie mkono gani. Utumie.

PESA, WATOTO NA KUAGANA

18. Lipa sawasawa na mlivyoandikiana.

Usianze kupunguziana bei mwisho wa safari kwa sababu mvua ilinyesha au kijiji kimoja hakikukufurahisha. Chakula cha mchana cha dereva na kiongozi jadilini mapema, na kama mnakula pamoja kwa mwaliko wako, basi mwaliko ni wa kulipa. Bakshishi si lazima Italia, lakini aliyefanya zaidi ya kazi yake asiondoke mikono mitupu. Chukua risiti kila unaponunua. Ni haki yako, na ni njia ya kuhakikisha pesa inapita mahali pa halali.

19. Usiwaburute watoto kwenye hadithi isiyo ya umri wao.

The Godfather ni filamu ya watu wazima. Kama mmekwenda na watoto wadogo, wape safari yao ndani ya safari yenu: Etna, bahari, granita, ngome. Mwombe kiongozi apunguze simulizi za mauaji. Na wakubwa wao, wa miaka kumi na tano na kuendelea, waelezeni yote mawili, filamu na historia, wala msiwape filamu peke yake.

20. Aga kabla ya kupanda gari.

Rudi Bar Vitelli useme asante. Mpungie mkono yule mzee wa ngazini. Usiache chupa ya maji juu ya ukuta wa kanisa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Savoca na Forza d'Agrò zimewapokea wageni wa The Godfather kwa zaidi ya nusu karne, na wako wanaopata riziki yao ya kila siku kutokana nao. Ewe unayejiandaa kukodi gari na kiongozi, kama uko tayari kuyashika haya, nenda, maana vilima vile ni vizuri kweli na filamu ile inastahili safari. Kama huko tayari, kaa nyumbani uitazame filamu, uwaachie wenyewe kijiji chao.